Kariokor na Kiatu cha Akala

Kariokor ni mtaa wa Nairobi ulio ng'ambo ya Mto Nairobi, mashariki kidogo ya katikati ya jiji, ukipakana na Ziwani na Ngara na usio mbali na Pumwani. Watu wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya jiji, huutambua kwa nyama choma na kwa soko la kazi za mikono. Ndani ya soko hilo huuzwa viondo, mikanda ya ushanga, mikoba ya ngozi na viatu vya wazi vyenye soli zilizokatwa kwenye matairi makuukuu ya magari. Viatu hivyo huitwa akala. Mtaa ulipata jina kutokana na wanaume waliokwenda vitani wakitembea miguu mitupu, na kiatu kilizaliwa baada ya magari kuchukua mizigo waliyokuwa wakiibeba. Historia ya kimoja haielezeki vizuri bila ya kingine.

Kambi ya wapagazi

Nairobi ilianza mwaka 1899, reli kutoka Mombasa ilipofika kwenye uwanda wenye maji baridi na wahandisi wakaweka hapo karakana na mahema yao. Miaka 15 baadaye, mwezi Agosti 1914, vita vya Ulaya viliingia Afrika Mashariki. Upande mmoja walikuwa Waingereza waliotawala Kenya na Uganda, na upande wa pili Wajerumani waliotawala Tanganyika, Rwanda na Burundi. Jeshi la Wajerumani liliongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye hakukusudia kushinda vita Afrika, bali kuwashughulisha Waingereza kwa muda mrefu ili askari wao wasipelekwe Ulaya. Alirudi nyuma, akapigana, akarudi nyuma tena, na kila hatua aliyorudi iliwaingiza adui zake ndani zaidi katika nchi isiyo na barabara.

Katika nchi hiyo mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota. Malori yalikuwa machache, na masika yalipoanza yalizama kwenye udongo mweusi. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mwanadamu. Kila sanduku la risasi, kila gunia la unga, kila kipande cha mzinga kilichofunguliwa kilibebwa na mtu. Jeshi liliposonga mbele mwendo wa siku nyingi kutoka kwenye reli, lilihitaji wapagazi wengine wa kubeba chakula cha wapagazi wenyewe, kwa hiyo idadi yao ilizidi ya askari.

Kikosi cha wapagazi kiliundwa mwaka huohuo wa 1914. Kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na katika vinywa vya wenyeji kikawa Kariakoo huko Tanganyika na Kariokor huko Nairobi. Mkuu wake alikuwa Oscar Ferris Watkins, afisa wa utawala aliyekijua Kiswahili vizuri. Kambi kubwa ya kikosi iliwekwa Nairobi, nje kidogo ya mji wa wakati ule, mahali palipo mtaa wa Kariokor leo. Hapo wanaume waliotoka Ukambani, Kikuyu, Nyanza na kwingineko waliandikishwa, wakapewa namba na blanketi, kisha wakapandishwa treni kuelekea mipakani au Mombasa.

Mwanzoni baadhi walikwenda kwa hiari, wakitarajia ujira. Hiari ilipokwisha, sheria ya mwaka 1915 iliwapa maafisa uwezo wa kuwalazimisha wanaume kujiunga, na machifu wakaagizwa kutoa idadi kamili ya watu. Mshahara nao ulipunguzwa hadi rupia 5 kwa mwezi kwa miezi ya mwanzo. Msako mkubwa kuliko yote ulifanyika mwaka 1917 chini ya John Ainsworth, ambapo wanaume zaidi ya laki moja walikusanywa kwa miezi michache. Vijiji vingine vilibaki na wazee, wanawake na watoto.

Kilichowaua wapagazi hakikuwa risasi hasa. Walipewa unga wa mahindi usiosagwa vizuri, mara nyingi bila muda wala vyungu vya kuupika ukaiva, na wengi wao hawakuwa wamezoea chakula hicho. Kuhara damu kukawa ugonjwa wa kambi. Malaria iliwapata watu wa nyanda za juu waliopelekwa bonde la Mto Rufiji huko Tanganyika, na nimonia ikawapata waliolala kwenye mvua na blanketi moja. Miguu nayo ilikuwa na balaa lake. Mpagazi kwa kawaida alitembea pekupeku, na funza walioingia chini ya kucha walimwachia vidonda vilivyooza. Mtu mwenye mwili mzima lakini asiyeweza kukanyaga chini hakuwa na kazi jeshini, naye akiachwa njiani hakuwa na matumaini makubwa ya kufika kwao.

Vita viliendelea Afrika hata baada ya kusimama Ulaya. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala katika Zambia ya leo. Kutoka Kenya pekee walikuwa wamechukuliwa wapagazi zaidi ya 150,000, na waliokufa kati yao walizidi 40,000. Geoffrey Hodges, mwanahistoria aliyechunguza habari za kikosi hicho kwa undani, aliona kwamba hesabu za serikali ziliwapunguza waliokufa. Maelfu ya mishahara ya marehemu haikudaiwa, kwa kuwa majina yaliandikwa vibaya au jamaa hawakupatikana. Watkins na Ainsworth walitaka fedha hizo ziwafaidi watu wa makabila yaliyotoa wapagazi. Serikali ya Uingereza ilikataa.

Ukumbusho ulijengwa katika miaka ya 1920. Sanamu za shaba zilisimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zikiwa na maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ya Nairobi iko kando ya barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue, na miongoni mwa watu inaowaonyesha yumo mpagazi.

Kambi inakuwa mtaa

Baada ya vita, kambi haikufutika. Wapo waliokuwa wapagazi ambao hawakurudi makwao, na wapo wageni wapya waliokuja mjini kutafuta kazi ya reli, ya bustani na ya nyumba za Wazungu. Mwafrika hakuruhusiwa kuishi Nairobi apendavyo. Kuanzia 1920 kila mwanaume alilazimika kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole na rekodi ya mwajiri, kilichotiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Asiye nacho, au ambaye mwajiri hajamtilia sahihi, alikamatwa.

Kabla ya hapo Waafrika wa Nairobi walikuwa wamejijengea vijiji vyao: Mji wa Mombasa, Maskini, Pangani na vinginevyo. Serikali ya manispaa iliamua kuwakusanya mahali pamoja, na hivyo ikaanzisha Pumwani mara tu baada ya vita. Vijiji vya zamani vikabomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani kilidumu hadi mwisho wa miaka ya 1930, ndipo wenyeji wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Kariokor haikuwa kijiji cha kujijengea wala mahali pa watu kuhamishiwa familia nzima. Ilikuwa mahali pa mabweni, ambapo manispaa ilimpangishia mfanyakazi nafasi ya kitanda. Mtu alihesabiwa kuwa kijana wa kazi hata akiwa na mke na watoto watano mashambani.

Mtindo huo wa kitanda kimoja kwa mfanyakazi mmoja ulitawala Eastlands kwa miaka mingi. Nyumba za familia zilianza kujengwa kwa uzito katika miaka ya 1940, Kaloleni ikiwa mfano wake, kisha zikafuata Bahati, Mbotela, Maringo, Jericho na Jerusalem. Katikati ya ujenzi huo ilikuja hali ya hatari ya wakati wa vita vya Mau Mau. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakapita mtaa kwa mtaa wakiwatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru, na maelfu wakapelekwa kizuizini Manyani na Mackinnon Road. Mitaa ya karibu na mto, Kariokor ikiwemo, ilibaki na vyumba vitupu ambavyo wengine walihamia.

Mwaka 1959, jirani na hapo, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Starehe katika vibanda viwili vya mabati ili kuwapa makao na masomo watoto wa mitaani, wengi wao wakiwa mayatima wa miaka ile ya hali ya hatari. Shule hiyo ilikua ikawa mojawapo ya shule zinazosifika sana Kenya. Baadaye mabweni ya zamani ya Kariokor yaliondolewa na magorofa ya halmashauri ya jiji yakachukua nafasi yake. Kambi ikatoweka machoni, jina likabaki.

Dar es Salaam ilipitia mkondo uleule. Baada ya Waingereza kuuteka mji huo Septemba 1916, wapagazi walipigiwa kambi mahali panapoitwa Kariakoo hadi leo, na juu ya kumbukumbu hiyo likajengwa soko mashuhuri lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Ulaya nako kuna mfano unaofanana. Claddagh ilikuwa kijiji cha wavuvi kando ya mji wa Galway, Ireland, chenye mfalme wake na nyumba zilizoezekwa nyasi. Nyumba hizo zilibomolewa katika miaka ya 1930 na halmashauri ikajenga mpya, lakini jina la kijiji liliendelea kuzunguka dunia kwa sababu ya pete yenye mikono miwili inayoshika moyo uliovikwa taji. Mahali palipobomolewa palidumishwa na kitu kinachovaliwa. Kwa Kariokor, kitu hicho ni kiatu.

Kiatu kinachotoka barabarani

Watu wa Afrika Mashariki walikuwa na viatu vya wazi kabla ya tairi kufika. Wafugaji walikata soli kwenye ngozi mbichi ya ng'ombe. Pwani kulikuwa na makubadhi ya ngozi, na mafundi wa Siyu katika kisiwa cha Pate walisifika kwa kuyashona. Waswahili waliohamia Pumwani na Majengo waliyajua vizuri. Tatizo la ngozi mbichi ni kwamba huloa, huoza na kulika upesi kwenye changarawe.

Magari yalipoongezeka baada ya vita vya kwanza, lori likachukua kazi ya mpagazi, na kila lori liliacha nyuma yake matairi yaliyochakaa. Raba ya tairi haipenyi maji, haitobolewi na mwiba kwa urahisi, na huvumilia mawe miaka mingi. Fundi mwenye kisu kikali aliweza kuigeuza kiatu bila mashine, bila cherehani na bila duka. Kwa hiyo akala haikuvumbuliwa na mtu mmoja wala mtaa mmoja. Ilizuka kila palipokuwa na matairi mabovu na watu wasiomudu viatu vya kiwandani. Nchini Vietnam wapiganaji walivaa viatu vya namna hiyo dhidi ya Wafaransa na baadaye dhidi ya Wamarekani, na Ethiopia nako vimevaliwa sana vijijini.

Nchini Kenya akala ilivaliwa na watu wa kazi: mchungaji, mlinzi wa usiku, msukuma mkokoteni, mchuuzi wa mboga, mkulima aliyelima tope la masika. Morani wa Kimaasai aliiacha ngozi akachukua tairi, kiasi kwamba wageni wengi hudhani kiatu hicho ni cha Wamaasai tangu mwanzo. Shuleni mtoto aliyevaa akala alichekwa na wenzake waliovaa raba za dukani, ingawa za dukani ndizo zilizotangulia kupasuka.

Kazi yenyewe huanza kwa kuchagua tairi. Fundi hutafuta tairi lililojengwa kwa nyuzi za nailoni au kitambaa, kwa kuwa lenye nyuzi za chuma huharibu kisu na ncha zake huchoma mguu. Hukata kuta za pembeni kwanza na kuziweka kando, kisha hubaki na ukanda mpana wa sehemu iliyokuwa ikikanyaga barabara. Ukanda huo ni mnene mno kwa kiatu, hivyo hupunguzwa kwa kubandua tabaka za ndani. Fundi hukanyaga upande mmoja, huvuta tabaka kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia hupitisha kisu katikati ya tabaka mbili, akikichovya majini kila mara ili raba isikishike. Kisu hunolewa kwenye jiwe mara nyingi kwa siku.

Baadaye huchora umbo la mguu kwa chaki na kulikata. Mviringo wa asili wa tairi hauondolewi wote, na ndiyo sababu akala mpya huinuka kidogo mbele na nyuma. Tabaka nyembamba zilizobanduliwa hukatwa kanda: mbili hupishana juu ya vidole, moja huzunguka kisigino. Fundi hutoboa soli kwa patasi na nyundo, huingiza ncha za kanda kwenye matundu, huzivuta kwa koleo, kisha huzipigilia misumari midogo ubavuni. Hakuna gundi katika akala ya kazi. Ukanda ukikatika, mwenyewe hupata msumari na kuurudisha. Mabaki hayatupwi: vipande vya kuta huwa kamba za kufungia mizigo, bawaba za milango ya vibanda au vikinga vya mkokoteni.

Soko na nyakati zake

Soko la Kariokor lilikusanya mafundi wa aina hii mahali pamoja, pamoja na washonaji wa ngozi na wauza viondo. Kiondo husukwa mashambani, hasa na wanawake wa Ukambani na Kikuyu, lakini vingi vilifika Kariokor vikiwa mifuko mitupu, na hapo ndipo vilipotiwa mikanda ya ngozi, vifungo na bitana kabla ya kwenda kwa wanunuzi wa ng'ambo. Kwa namna hiyo mtaa ulijifunza kumalizia kazi iliyoanzwa kwingine.

Kwa miaka mingi serikali haikuwaona mafundi wadogo kama wenye kazi. Waliitwa wazururaji, vibanda vyao vikabomolewa na askari wa jiji. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, iliyotoka mwaka 1972, ilisaidia kubadili mtazamo huo kwa kuonyesha kwamba shughuli ndogo zisizosajiliwa zilitoa ajira na bidhaa nyingi. Novemba 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa chuma wa Kamukunji, mwendo mfupi kutoka Kariokor, akaahidi kuwajengea vibanda vya kuwakinga na jua. Jina la jua kali, ambalo mafundi wafanyao kazi juani waliitwa mitaani, likaingia katika hati za serikali.

Heri hiyo haikudumu bila mtihani. Miaka ya 1990 milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ilimiminika katika soko la Gikomba. Mtu aliyekuwa akinunua akala kwa kukosa uwezo alipata sasa kiatu cha ngozi kilichovaliwa Ulaya, na baadaye patipati za plastiki kutoka Asia zikauzwa kwa bei ya chini kuliko zote. Fundi wa tairi alipoteza mteja wake wa mjini.

Kariokor ilijibu kwa ushanga. Mafundi waliichukua soli, wakaiwekea ngozi laini juu yake, na wanawake wakashona shanga kwenye kanda kwa rangi wanazopenda Wamaasai: nyekundu, nyeupe, buluu, machungwa na kijani. Shanga hizo za vioo hazitengenezwi Kenya. Kwa vizazi vingi zilitoka Ulaya, hasa nchi ya Wacheki, na siku hizi nyingine hutoka China. Kiatu cha mlinzi wa usiku kikawa kiatu cha mtalii, cha harusi na cha kijana wa ofisini siku ya Ijumaa. Mtu aliyechekwa shuleni kwa kuvaa tairi sasa hulinunua kwa hiari na kulilipia zaidi.

Wengine walijaribu njia ya intaneti. Huko Korogocho, mtaa wa mabanda ulio karibu na jalala la Dandora, kikundi cha mafundi kilianza kuuza akala ng'ambo kwa jina la Ecosandals kikishirikiana na Matt Meyer, Mmarekani ambaye baadaye aliingia katika siasa na kuchaguliwa gavana wa jimbo la Delaware mwaka 2024. Wanunuzi wa mbali walivutiwa na kitu ambacho fundi wa Eastlands hakuwahi kukihesabu kuwa sifa, yaani kwamba kiatu kimetokana na taka.

Hali ya leo

Kutegemea watalii kuna hatari yake, na mwaka 2020 ulithibitisha hilo pale ndege ziliposimama kwa sababu ya korona na rafu zikakaa zimejaa. Hatari ya pili ni ya tairi lenyewe. Magari mengi ya sasa hutumia matairi yenye waya wa chuma, na yale ya nailoni yanazidi kuadimika. Hatari ya tatu ni kuigwa. Muundo wa kanda zenye shanga hauna mwenye hati, hivyo kiwanda popote duniani kinaweza kuutoa kwa maelfu bila kumlipa mtu wa Kariokor hata senti.

Ufundi bado unafundishwa kwa mkono. Kijana huanza kwa kunoa visu na kubeba matairi, hupanda hadi kutoboa na kupigilia, na mwisho huachiwa kubandua tabaka, kazi inayoharibu tairi zima mkono ukiteleza. Serikali ya kaunti na mamlaka za miliki ubunifu zingeweza kuwasaidia mafundi hao kusajili alama ya pamoja ya soko, ili jozi iliyotoka Kariokor ijulikane kuwa imetoka Kariokor. Wapagazi wa 1917 waliandikwa vibaya hata mishahara yao ikapotea. Mafundi wa mtaa uliobeba jina lao hawastahili kupatwa na hasara ya namna hiyohiyo.